Faini ya ugenini tutalipa, ila tuweze kuisoma

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku langu kuhusu jambo linalotukuta madereva wa huku mpakani, nalo ni kuandikiwa faini ya barabarani katika nchi ambayo si yetu. Najua wasomaji wengi wa mijini watadhani hayo ni mambo ya mabwana wanaokwenda Ulaya na kukodi magari. Sivyo hata kidogo. Kwetu sisi wa Heru Juu nchi ya nje iko karibu kuliko Tabora. Mtu hunywa chai nyumbani, akashika barabara ya Manyovu, ambayo kutoka Kasulu ni kilomita zipatazo 68, na kabla ya chakula cha mchana amekwisha kuwa Burundi, upande wa Mugina.

Natangulia kusema kwamba kosa lilikuwa langu. Naliandika waziwazi kwa sababu nimesoma barua nyingi za madereva wanaolalamikia trafiki, na katika kila barua dereva huwa hana kosa. Mimi nilikuwa nalo.

Mwezi wa Agosti mwaka 2024 tulipata msiba wa shangazi ya mke wangu, aliyekuwa ameolewa ng'ambo, vilimani kupita Mabanda. Ukoo ulikodi Noah ninayoendesha, ambayo si mali yangu, nikawachukua wazee sita, kina mama na mizigo ya msibani. Mpakani tulifuata taratibu zote: karatasi za forodha, hati za kusafiria, na ile Kadi ya Njano ya bima ambayo nchi za ukanda huu zimekuwa zikiitumia tangu 1987. Tukavuka salama, nami nikahamia mkono wa kulia, maana wenzetu Warundi huendesha kulia. Nilikuwa naendesha huku najiambia kimoyomoyo, "kulia, kulia, kulia," kama mtoto anayekariri hesabu.

Kwa mwendo wa saa nzima sikukosea. Matatizo yalianza niliposimama. Kamba ya mizigo juu ya gari ilikuwa imelegea, nikasimama kwenye senta moja ndogo kuikaza. Nilipoondoka, mawazo yangu yakiwa kwenye kamba na kwenye mazishi, mikono yangu ilifanya kile ilichokizoea kwa miaka kumi na saba: ikaipeleka gari kushoto. Sikujua. Barabara ilikuwa tupu, nami nikaona niko sawa kabisa, tena nimestarehe kuliko nilivyokuwa tangu mpakani. Ndipo alipotokea kijana wa baiskeli akiteremka kilima, mikungu ya ndizi nyuma, ananijia uso kwa uso. Ninamshukuru Mungu kwamba yule kijana alikuwa mwepesi kuliko mimi. Aliirusha baiskeli majanini, ndizi zikatawanyika, yeye akainuka bila jeraha. Wazee waliokuwa ndani ya gari hawakusema neno. Ukimya ule ninausikia mpaka leo.

Mbele kidogo alikuwapo askari wa barabarani, na aliona yote. Akanisimamisha, akanisalimia, "Amahoro," nami nikamjibu. Ndugu Mhariri, wasomaji wasiotoka huku pengine hawajui kwamba Kiha chetu na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Niliongea Kiha, yeye akaongea Kirundi, na hakuna neno lililopotea njiani. Akaniuliza ninatoka wapi, nikamwambia Heru. Akawapa pole wazee. Akanieleza kwa upole kwamba msiba mmoja unatosha, na kwamba kidogo tu ningesababisha wa pili. Tulikuwa kama ndugu wa tumbo moja mpaka alipotoa kitabu chake, akaandika, akachana karatasi na kunipa. Karatasi ile yote ilikuwa ya Kifaransa.

Hapo undugu ukaingia ukuta. Niliishika kama mtu aliyepewa barua ya daktari. Niliona namba ya gari, niliona tarakimu za faini, basi. Kosa lenyewe limeandikwaje, nina siku ngapi, nalipia wapi, nikitaka kukana naenda wapi, hayo yote yalikuwa mbele ya macho yangu na sikuyaona. Askari alinieleza kwa mdomo kwamba nilipie benki, nimletee hati ya malipo, naye anipe leseni yangu, ambayo aliitia mfukoni. Lakini maneno ya mdomo barabarani, moyo ukiwa unadunda, yanakaa kichwani kwa muda gani? Nilipofika msibani nilikuwa nimebaki na nusu yake.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, na benki zilikuwa zimefungwa. Kijana mmoja aliyekuwa amesimama kando ya barabara, ambaye si askari na sijui alikuwa nani, alinifuata akaniambia nimpe nusu ya fedha ile taslimu, atazungumza na watu na leseni itarudi kabla ya jua kuzama. Ningependa kusema nilimkatalia kwa sababu ya uadilifu. Ukweli ni kwamba sikuwa na faranga za kutosha hata hiyo nusu, na fedha zilizokuwa ndani ya gari zilikuwa rambirambi. Baadaye msibani mwalimu mmoja mstaafu, shemeji yetu, alivaa miwani yake akanisomea karatasi mstari kwa mstari. Ilionyesha wazi kuwa fedha inakwenda kwenye akaunti ya serikali, wala hapakuwa na nafasi yoyote ya kumkabidhi mtu mkononi. Kama ningekuwa na faranga, ningempa yule kijana, na deni langu lingebaki palepale benki likinisubiri. Nadhani wapo wengi wetu waliokwisha kulipa hivyo na hawajui kwamba bado wanadaiwa.

Jumapili tulizika, tukarudi. Nilivuka mpaka na karatasi yangu badala ya leseni. Jumatatu nikiwa nyumbani Kasulu nilisimamishwa na trafiki wetu. Nikampa ile karatasi. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaniambia neno ambalo siwezi kumlaumu nalo: "Mzee, hii mimi siwezi kuisoma. Leo nenda. Kesho nikikukuta huna leseni nitakuandikia." Basi nikawa mtu mwenye karatasi halali ya serikali ya nchi mwanachama wa Jumuiya moja na sisi, na karatasi hiyo ikawa haina uzito kuliko karatasi ya kufungia maandazi. Mwenye gari, ambaye naye ana watoto wa kulisha, akampa ufunguo dereva mwingine.

Sasa nafika mahali ambapo nilikuwa sitaki kufika, lakini barua bila ya hili haitakuwa na maana. Wenzangu wa stendi walinipa ushauri, na walinipa wote kwa sauti moja, jambo linaloonyesha kwamba si jambo geni. Walisema: nenda kituoni utoe taarifa kwamba leseni imepotea, upewe hati, utengenezewe nyingine. Ya Burundi yaache Burundi. Nani atakuja Heru Juu kukudai faranga? Niliwasikiliza. Siku ya nne bila kazi, nyumbani kuna unga wa siku mbili, nilitoka nikaenda mpaka mlangoni pa kituo nikiwa nimekwisha kupanga maneno: ilianguka sokoni, siku ya mnada, katikati ya watu wengi. Nilikaa kwenye benchi nikingoja zamu. Kilichonirudisha si hofu ya Mungu peke yake. Nilikumbuka yule askari alivyowapa pole wazee, na nikakumbuka kuwa arobaini ya marehemu haijafika na kwamba mimi ndiye nitakayetakiwa kuwapeleka tena. Mtu anawezaje kuwa mkimbizi wa faini katika kijiji cha wakwe zake? Nikainuka nikaenda kukopa.

Nilirudi kwa gari la abiria. Benki nilikuta fomu nayo ni ya Kifaransa, lakini mama mmoja kwenye foleni, mwenyeji wa Buyenzi pale Bujumbura, ambako Kiswahili kinazungumzwa tangu enzi za babu zetu, alinijazia yote huku akinitania Kiswahili changu cha vilimani. Nikalipa, nikapigiwa muhuri, nikamtafuta askari wangu. Akatoa leseni, akaniuliza mazishi yalikwendaje. Faini yenyewe sikuona kuwa kubwa kwa kosa lile. Nauli, kulala, na siku za kazi nilizopoteza zilizidi faini hiyo zaidi ya mara tatu.

Ndugu Mhariri, wapo watakaosema, na hapa Heru Juu wanasema kila jioni, kwamba tusitozwe faini kwa ndugu zetu kwa kuwa sisi ni Jumuiya. Hoja hiyo siikubali. Baiskeli ya yule kijana haikuniuliza uraia. Mgeni anayeendesha upande usio wake ni hatari kuliko mwenyeji mlevi, maana mlevi hujulikana kwa kuyumba, lakini mgeni huja moja kwa moja, kwa utulivu, akiamini kuwa yuko sahihi. Atozwe. Tena anayedhani kwamba kuvuka mpaka kunafuta deni ajue dunia inakokwenda. Huko Ulaya tangu 2005 nchi za Umoja wao zilikubaliana kwamba faini ya nchi moja, ikiwa haipungui yuro 70, inaweza kudaiwa na nchi anakoishi mkosaji. Na Rwanda, jirani yetu wa upande wa Rusumo, imeweka kamera barabarani. Na kamera haijui Kiha.

Hata wakubwa hukimbia faini wanapopata mwanya, wala si sisi wa Noah peke yetu. Kati ya mwaka 1997 na 2002 maofisa wa kibalozi wa mataifa mbalimbali walioko Umoja wa Mataifa mjini New York waliacha bila kulipa karatasi zaidi ya 150,000 za kuegesha magari vibaya, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 18. Mwaka 2002 wenye mji walipopewa uwezo wa kuyanyang'anya magari hayo namba zake za kibalozi, ulimbikizaji wa madeni ulikoma karibu wote. Waheshimiwa wale walijua kusoma Kiingereza vizuri sana.

Lakini wenzetu wa Ulaya walipoweka mkono wa kudai hawakusahau upande wa pili. Agizo lao la 2015 lililoruhusu nchi kupeana majina ya wenye magari kwa makosa manane, kama vile mwendo kasi, taa nyekundu, ulevi na kutofunga mkanda, limeeleza pia kwamba barua anayotumiwa mwenye gari iandikwe kwa lugha ya kadi ya gari lake, au kwa lugha rasmi ya nchi gari lilikoandikishwa. Mjerumani akikosea Hispania anaandikiwa Kijerumani. Serikali inayotaka kulipwa humweleza mdaiwa anadaiwa nini. Hicho ndicho ninachokiomba, wala siombi msamaha wa faini hata ya faranga moja.

Na sisi hatuhitaji hata kutafuta lugha ishirini kama wao. Tunayo moja tayari. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999 unasema Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Ibara ya 90 ya mkataba huohuo inazitaka nchi wanachama zioanishe sheria zao za barabarani. Burundi na Rwanda ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024, na sasa tuko nchi nane. Kati ya nane hizo ni sisi, Kenya na Uganda tu tunaoendesha kushoto, tano zilizobaki huendesha kulia. Kubadilisha upande ni kazi kubwa na ya gharama, siizungumzii. Lakini kuongeza mistari sita ya Kiswahili chini ya Kifaransa kwenye karatasi ya faini kunahitaji nini zaidi ya wino? Kosa hili. Kiasi hiki. Lipia hapa. Siku kadhaa. Ukikana nenda mahakama fulani. Usimpe mtu fedha mkononi.

Nisije nikaonekana nawanyoshea kidole jirani zetu peke yao, na tujitazame sisi. Mrundi anayeteremka Manyovu na gari lake akikosea upande huku kwetu naye huandikiwa. Karatasi inayotoka kwenye kile kimashine cha trafiki wetu ina Kiingereza ndani yake, na namba ya malipo ambayo mgeni asiye na laini ya simu ya hapa wala akaunti ya benki ya hapa huzunguka nayo akiuliza watu dukani. Shilingi 30,000 zake anazo mfukoni, ila hajui azitie wapi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 inampa haki anayekubali kosa alipe bila kwenda mahakamani, na anayekana asikilizwe mahakamani, lakini haki hiyo ataijuaje? Nchi yetu mwaka 2021 ilitunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Ingekuwa vema karatasi ya trafiki nayo ipate habari hizo.

Jambo la pili ninalowaomba wahusika ni mahali pa kulipia. Pale mpakani maofisa wa nchi mbili wako hatua chache baina yao. Kama ningeweza kulipa pale nikiwa narudi, hata Jumapili, na karatasi yenye muhuri ikatosha kunirudishia leseni au kunilinda huku nyumbani kwa siku chache mpaka leseni iletwe hapo mpakani, nisingekaa kwenye lile benchi la kituoni. Nimesoma kwamba mkataba wa kimataifa wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri barabarani unasema mgeni aliyezuiwa kuendesha, leseni yake ikichukuliwa, anarudishiwa anapoondoka katika nchi ile hata kama muda wa zuio haujaisha. Leseni ya mtu ni jembe lake, na kubaki nayo baada ya mwenyewe kwenda kwao ni kumtia kwenye jaribu la kusema uongo. Kwa hiyo deni libaki likidaiwa mahali ambapo mtu anaweza kulifikia, lakini leseni ivuke na mwenyewe.

Barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye kilomita zaidi ya 260, ambayo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wake mwaka 2018, imewekwa ili magari yavuke kwa wingi kuliko zamani. Lami ikiongezeka, mwendo nao huongezeka. Shule ya udereva niliyosomea mimi haikunifundisha hata siku moja kuzunguka kipita-shoto kwa mkono wa kulia, na sidhani kama ni ya peke yake. Ninawashauri madereva wenzangu jambo dogo ambalo sasa nalifanya: nikivuka tu nafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, upande wa kulia. Nikisimama kununua maji au kukaza kamba, kitambaa hicho ndicho ninachokitazama kabla ya kuwasha gari. Abiria hunicheka, na mimi huwaacha wacheke.

Kuhusu karatasi, chukua karatasi hata kama hujui kuisoma. Usikubali kosa liishe kwa mazungumzo, maana lililoisha kwa mazungumzo halina stakabadhi. Andika palepale jina la senta na saa. Tafuta mwalimu akusomee, walimu hawakosekani popote. Hati ya benki usiitupe hata baada ya mwaka. Na Kadi ya Njano, nawakumbusha wanaodhani vinginevyo, humlipa uliyemgonga. Faini yako hailipi.

Arobaini tuliifanya, nikawapeleka wazee na kuwarudisha bila kuandikiwa. Yule kijana wa ndizi nilimtafuta pale kilimani nikamlipa mikungu yake, kwa bei aliyoitaja mwenyewe, ambayo nadhani ilikuwa ya juu kidogo. Nakala ya ile karatasi ninayo, na nyuma yake shemeji ameniandikia kwa penseli maana ya kila mstari kwa Kiswahili. Dereva yeyote anayetaka kuiona kabla hajavuka anikute stendi ya Kasulu, asubuhi, kabla magari ya Manyovu hayajajaa.

Dereva,
Heru Juu, Kasulu.